Cheti cha Droni: Karatasi Gani Inafungua Anga la Juba?

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja mezani kwetu ameshika simu ya mwanawe, na bahasha ameifunga kwenye ncha ya kitenge. Ndani ya bahasha kulikuwa na dola 150. Pesa ya mbuzi wawili hiyo, na nyingine amekopa kwenye kikundi. Mwanawe ana miaka 19, sekondari amemaliza, anakaa tu. Amemwambia mama kwamba kuna kozi ya kwenye simu ya kurusha droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani ndani. Unalipa dola 150, unasoma wiki mbili, unatumiwa "cheti cha kimataifa", na ukishakuwa nacho mashirika ya Juba yanakugombania.

Mama hakutaka maneno mengi. Aliuliza tu, "Ninyi wanangu mnaosoma, hii karatasi ni ya kweli ama ni ya kuniibia?"

Tulimwambia, mama, rudi nyumbani na bahasha yako, usilipe bado, tupe wiki tatu. Tukaanza kuuliza na kusoma. Tunayaandika kwa kirefu kidogo tuliyoyapata, manake tangu siku ile wazazi wengine wanne wamekuja na swali hilohilo.

Ule mlio tunaujua

Kwanza tuseme ukweli. Kwa wengi wetu droni si kitu cha kuchezea. Sisi tuliotoka Kivu tunakumbuka Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulipoanza kurusha droni zake pale Goma. Zile hazikuwa na silaha, zilikuwa za kutazama wenye bunduki wanapita wapi, na watu wakazizoea. Lakini Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma huohuo ulishambuliwa kwa droni, na hizo zilikuja na mabomu. Jirani zetu waliokimbia vita vya Sudan tangu Aprili 2023, wakisikia mlio kama wa nyuki mkubwa, wanaingiza watoto ndani kabla hata ya kutazama juu. Na humu Sudan Kusini, tarehe 3 Mei 2025, hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) kule Old Fangak ilipigwa mabomu, na shirika hilo lilisema droni ilishambulia pia soko la mji.

Kwa hiyo kijana akikwambia, "Lakini yangu ina kamera tu, mzee," anasema kweli. Ila aliye chini hawezi kujua. Mama anayechota maji hajui, na askari aliye langoni kwake naye hajui. Shida ya droni hapa Juba inaanzia hapo, kabla hujafika kwenye habari ya mtihani na cheti.

Karatasi ni tatu

Tulichogundua ni kwamba watu wanasema "cheti" kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe karatasi ni tatu. Fikiria boda-boda. Kuna leseni ya anayeendesha. Kuna namba ya pikipiki yenyewe. Halafu ukitaka kubeba abiria kwa pesa, kuna ruhusa ya ile kazi. Ukiwa na leseni lakini pikipiki haina namba, utasimamishwa tu. Droni ni vivyo hivyo: karatasi ya mtu, karatasi ya chombo, na karatasi ya kazi, yaani ruhusa ya kurusha mahali fulani, siku fulani, kwa sababu fulani.

Kozi ya simu, hata ikiwa nzuri sana, inagusa ile ya kwanza peke yake. Na hata hiyo haina nguvu mpaka mwenye anga aikubali.

Sasa mwenye anga ni nani? Tulishangaa kuona kwamba jambo hili liliamuliwa zamani, kabla wazee wetu wengi hawajazaliwa. Mwaka 1944 nchi nyingi zilikutana Chicago, Marekani, zikaandika mkataba wa usafiri wa anga. Ibara ya 8 ya mkataba ule inasema chombo kinachoweza kuruka bila rubani kisiruke juu ya ardhi ya nchi bila ruhusa maalum ya nchi hiyo. Mwaka 1944! Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijaisha. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mwaka huohuo ikajiunga na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mkataba huo. Hapa mwenye anga ni serikali, na ofisi yake ya mambo ya ndege ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Sudan Kusini, wanaoiita SSCAA.

(Tukitoka nje ya mada kidogo: hata serikali yenyewe haikuwa imeshika anga lake lote. Ndege zinazopita juu sana, zaidi ya futi 24,500, ziliendelea kuongozwa kutoka Khartoum miaka mingi baada ya uhuru, na vita vilipozuka kule Aprili 2023 huduma ile ikakatika. Anga ni mali, na mali ina wagombanaji.)

Kwa hiyo tunaliandika hili peke yake ili mama zetu walisikie vizuri. Hakuna cheti cha kimataifa kinachomruhusu mtu kurusha droni nchi yoyote anayotaka. Hakipo. Anayekiuza anauza jina.

Tena usifikiri cheti cha nchi kubwa kinavuka mpaka. Tuna mjomba wa familia moja hapa, anaishi Nebraska, ana cheti halali cha Marekani. Sheria yao inaitwa Part 107, ilianza Agosti 2016. Unatakiwa uwe na miaka 16 au zaidi, unafanya mtihani wa maswali 60, ukipata asilimia 70 umepita. Hakuna hata anayekutazama ukirusha, ni maswali tu. Kwa kazi ya Nebraska cheti kile ni mkate wake. Akija Juba kuoa ni karatasi ya kuonyesha wageni. Vilevile huko Marekani kuna jaribio dogo la bure la wanaorusha kwa kujifurahisha, linaitwa TRUST. Unalifanya kwenye intaneti, unamaliza, unajichapishia cheti. Ni bure kabisa. Mtu akikutoza dola 150 kwa kitu cha namna hiyo, ujue umenunua maji ya mtoni.

Harusi iliyoharibika

Kijana mmoja tunayemfahamu (jina tunalihifadhi) alikodiwa kupiga picha za harusi pembezoni mwa mji. Droni alikuwa ameletewa na rafiki, ndani ya begi la nguo. Aliirusha dakika kumi hivi. Bibi harusi anafurahi, watoto wanaikimbiza, akina mama wanapiga vigelegele. Halafu wakaja wanaume wawili hawana sare, wakauliza kwa upole kabisa, "Nani mwenye hii?" Walichukua droni, simu, na kadi yake ya ukimbizi. Wageni wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu ana udhuru. Baba yake alikaa siku mbili nje ya ofisi akisubiri. Kijana akatoka salama, Mungu asifiwe, na kadi ikarudi. Droni haikurudi. Familia ya bibi harusi mpaka leo inadai pesa ya picha ambazo hazikupatikana.

Tulimuuliza, hukujua? Akasema, "Nilijua kuna sheria ya kamera. Sikujua na anga ina yake."

Na kweli, Juba hata kupiga picha ya kawaida barabarani kunataka kibali, sembuse kamera inayopanda juu na kuona nyuma ya kuta za watu. Kwa hiyo ruhusa ya droni haiishii kwa watu wa ndege, watu wa usalama nao lazima wawe wamekubali. Ukiwa na barua ya upande mmoja tu, bado hujafika.

Uzi na kalamu

Ili tuelewe ukubwa wa jambo tuliazima kipimo cha Kenya, manake kanuni zao za droni za mwaka 2020 zinasomeka wazi. Wanasema usirushe ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja wa ndege mkubwa, na kilomita 7 kwa viwanja vidogo, ila kwa ruhusa. Usipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120. Waza minara miwili ya simu iliyopandana. Usisogelee watu wasiohusika chini ya mita 50. Chombo ukione kwa macho yako muda wote. Usiku usirushe bila ruhusa.

Tukachukua ramani ya Juba, tukafunga uzi kwenye kalamu kwa kipimo cha kilomita 10, tukaweka kidole kwenye uwanja wa ndege, tukazungusha. Thongpiny iko ndani, hiyo iko ukutani kabisa kwa uwanja. Hai Malakal ndani. Munuki, Kator, soko la Konyo-Konyo, vyote ndani. Hata ukivuka Nile kwenda Gumbo bado uko ndani ya duara. Kwa maneno mengine, kwa kipimo hicho karibu mji mzima ni mlango wa uwanja wa ndege.

Na mlango huo una shughuli. Ndege za UNHAS za Umoja wa Mataifa zinabeba wahudumu na dawa kwenda sehemu ambazo mvua imekata barabara, na helikopta zinapita chini chini. Wakazi wa Juba hawajasahau tarehe 4 Novemba 2015, ndege ya mizigo aina ya Antonov ilipoanguka muda mfupi baada ya kuruka, karibu na kingo za Nile, ikaua watu zaidi ya 30. Ile haikuhusiana na droni hata kidogo. Tunaitaja kwa sababu ndege ikipata tatizo ikitoka pale, inaangukia watu. Sasa weka na chombo cha kilo moja chenye betri mbele ya injini, rubani hana habari nacho.

Kinachosomwa katika mtihani wa kweli

Hapa vijana wetu waliotusaidia kusoma walichangamka, na sisi pia. Maana leseni ya kweli si kujua kubonyeza vidude. Kenya, kwa mfano, anayetaka leseni ya kurusha droni anafanya mtihani wa nadharia na mwingine wa vitendo, mbele ya mkaguzi. Anatakiwa ajue sheria za anga, hali ya hewa, kusoma ramani, namna chombo kinavyofanya kazi, na udhaifu wa binadamu mwenyewe.

Chukua hali ya hewa. Hapa kwetu kabla ya mvua kubwa upepo unageuka ghafla, vumbi linainuka, mabati yanapiga kelele. Mama yeyote anajua aanue nguo. Lakini kijana aliyetazama skrini haoni wingu nyuma yake, na droni ndogo ikipigwa na upepo ule hairudi, inakwenda unakokwenda upepo. Kwenye mtihani unaulizwa utafanya nini, na jibu sahihi mara nyingi ni kwamba hukutakiwa kuirusha.

Chukua joto. Watengenezaji wa droni nyingi ndogo wanaandika mwisho wake ni nyuzi 40. Februari na Machi, Juba mchana inakaribia hapohapo. Hewa ya moto ni nyepesi, mapanga yanahangaika zaidi kuinua mzigo uleule, betri inachemka na kuisha kabla ya dakika ulizozoea. Betri zenyewe ni za lithiamu. Ikivimba usiichaji, na usiiweke ndani ya nyumba ya turubai watoto wamelala. Ukisafiri kwa ndege unaibeba mkononi, haiwekwi kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ikiwaka huko hakuna wa kuizima.

Udhaifu wa binadamu ndiyo sehemu iliyotuchekesha halafu ikatunyamazisha. Umelala? Umekunywa? Una njaa? Aliyekulipa anakusukuma urushe ingawa moyo umekataa? Yule kijana wa harusi aliposoma swali hili la mwisho alisema, "Hapo nilifeli kabla sijaanza."

Baada ya leseni ya mtu, Kenya wanataka chombo kisajiliwe, na kampuni inayofanya kazi ya pesa iwe na cheti chake yenyewe. Mwenye droni lazima awe na miaka 18 au zaidi, awe raia au mkaaji wa nchi, ama iwe ni kampuni iliyoandikishwa. Mkimbizi aliye Kenya aulize kwanza kama hadhi yake inahesabiwa ukaaji, na ajibiwe kwa maandishi, kabla hajalipa ada ya chuo. Jambo jingine, kuingiza droni Kenya kunataka kibali kabla ya kuileta. Ukitua nayo begini bila kibali, forodha wanaishikilia. Uganda nako inataka ruhusa, na watu wa ulinzi wanahusika. Kwa hiyo wale wanaosema "nitainunua Nairobi, nipande basi la Kampala, nivuke Nimule", wahesabu wanapita mikono mingapi.

Basi mlango uko wapi?

Hatutaki vijana wafunge jarida na kusema wazee wameua tena ndoto. Mlango upo, ila hauanzii kwenye kununua chombo.

Angalieni Zanzibar. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya huko ilianza kupima visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni nyepesi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kurusha na kutengeneza ramani. Vijana wale hawakutangulia na vyombo vyao. Serikali ilikuwa na kazi, ruhusa ilikuwa imeshatoka, wao wakaingia ndani ya kazi ile. Malawi nako, Januari 2020, UNICEF ilifungua chuo cha droni na takwimu pale Lilongwe kwa vijana wa Afrika, kozi ya wiki kadhaa, wanajifunza hata kuunda chombo chenyewe. Rwanda tangu Oktoba 2016 damu inapelekwa hospitali za mbali kwa droni kutoka Muhanga, na kituo kile kinataka watu wa kupakia, wa kukagua mabawa, wa kutazama hali ya hewa. Wengi wao hawashiki usukani.

Hapa Juba anayeweza kuomba ruhusa ni taasisi yenye kazi ya kuonyesha, si kijana peke yake na begi. Shirika likipata ruhusa ya kupiga picha za mafuriko au kuhesabu makazi, litatafuta mtu anayeweza kusoma ramani, kupanga picha kwenye kompyuta, na kuzungumza na wakazi kwa lugha zao kabla ule mlio haujasikika, ili watoto wasikimbie. Ya mwisho hiyo sisi tunaijua kuliko mgeni yeyote. Kutengeneza ramani kunajifunzwa bila kurusha kitu: Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatembeza wanafunzi mtaa kwa mtaa wakiandika mifereji na nyumba zinazofurika, kwa simu na daftari, na ramani zikapatikana.

Na kwa aliye mkimbizi, kabla ya kutia sahihi popote apite kwa Tume ya Masuala ya Wakimbizi, CRA, aulize kazi hiyo inaruhusiwa kwa hadhi yake. Kadi ya ukimbizi usiiweke rehani kwa ajili ya picha za harusi. Tumeona siku mbili za baba yule nje ya ofisi, hatutaki kuziona tena.

Mama alirudi siku tuliyoahidiana. Alikuja na mwanawe safari hii. Tukamweleza kijana yote, naye alikasirika, akasema sisi tunaogopa kila kitu. Hatukumlaumu. Tukampa zile kurasa tulizokuwa tumekusanya za hali ya hewa na kusoma ramani, akazichukua bila kusema asante. Wiki iliyofuata alizirudisha na maswali kumi na moja kwenye karatasi ya daftari, matatu hatukuweza kuyajibu. Dola 50 zimerudi kwenye kikundi, na mbuzi mmoja amenunuliwa upya, mdogo kuliko wa kwanza.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu ameshalipa kozi ile ya simu, njoo na risiti au ujumbe wa malipo. Tunakusanya majina ya waliolipa ili tuyapeleke pamoja, na siku za kutupata ni zilezile, Jumanne na Alhamisi asubuhi baada ya foleni ya maji.